Mwenyewe Hajulikani

Tuliingia kwa sababu jua lilikuwa kali
na mama alitaka pa kukaa.
Ngome ya Lamu siku hizo ilikuwa na wageni:
vitu vya Kumasi, vya Benin, vya Segu,
vimekuja kwa miezi mitatu
ndani ya masanduku yenye vibandiko vya viwanja vya ndege.

Mwenyeji, nusu bei.
Mama akauliza kama wafu huingia bure,
maana wengi anaowajua sasa ni hao.
Bakathir wa tiketi hakujua acheke au atoe pole.
Akatukatia mbili.

Kwanza vijiwe vya shaba vya kupimia dhahabu:
samaki, mende, kigoda,
mamba wawili wanaogombana
na tumbo lao ni moja.
Mama akavaa miwani, mkono mmoja umefungwa uzi.
"Baba alikuwa na jiwe la ratili lililopungua," akasema.
"Alijua. Hakuwa na la kununulia jingine.
Kwa hiyo kila mnunuzi alimwongezea konzi ya mchele,
kulipia uongo wa jiwe."
Nina miaka arubaini na sita.
Hilo sikuwahi kulisikia.

Halafu kinyago,
kipaji kinang'aa kwa mikono ya watu,
mdomo mdogo kama wa anayetaka kupuliza chai.
Chini yake, kwa herufi safi: Mwenyewe hajulikani.
Ngoma imelazwa ubavu: Mwenyewe hajulikani.
Zeze la buyu, nyuzi ishirini na moja,
moja imekatika, nayo imehesabiwa:
Mwenyewe hajulikani.

"Hayulikani na nani?" mama akauliza,
kwa sauti ile ya sokoni.
"Kwao wamuyua."
Mzungu mmoja akageuka, akatabasamu,
akadhani ni dua.

Chumba cha pili ni chetu.
Hapo milango imesimama bila kuta,
imeshikwa na vyuma,
unaweza kuuzunguka mlango
ukatokea upande wa pili bila kuingia popote.
Mama aliuzunguka mmoja, mara mbili.
Kisha akavua kiatu. Kimoja tu.

"Mama, usiguse."
Ni Bakathir, ametufuata.
Mama akamwonyesha kidole cha mwisho,
kucha iliyoota upande tangu utotoni.
"Mwango huu ulinigusa mbele."

Akamwambia ainame, atazame nyuma,
chini ya komeo,
mama yake alipokuwa akichora kwa ncha ya kisu
deni la maziwa la jirani.
Kijana akapiga goti, akawasha taa ya simu.
Nikapiga goti naye.
Vumbi, rangi ya juzi, na chini ya rangi
vijistari, vitano vitano, kama vijiti vya tambi.
Tulihesabu kwa kunong'ona. Thelathini na saba.
"Na hata yeo hajalipa," mama akasema juu yetu.

Sikumwambia Bakathir
kwamba ni mjomba aliyeuza,
kwa bei ya friji, na friji ikafa,
na sisi tukalala na pazia
mpaka Ramadhani.
Ya nyumbani ni ya nyumbani,
hata nyumba ikiwa imebaki mlango.

Kibao kilisema:
Mlango. Lamu. Mwenyewe hajulikani.

Kijana alijipapasa mifuko. Kalamu ipo, karatasi hapana.
Akafungua kiganja.
"Jina lako, mama?"
"Langu la nini? Andika la mama yangu.
Mwanakheri binti Lali."
Akaandika, taratibu,
kutoka kidole gumba hadi kwenye mshipa.
"Na yule wa ngoma?"
"Huyo, mama, wallahi simjui."
"Basi andika kuwa tumeuliza."

Nafasi ilikuwa imekwisha. Aliandika kwenye kidole.

Tulipotoka kulikuwa na foleni,
wanafunzi wa Mpeketoni, sare za kijani, kelele.
Bakathir alikuwa akikata tiketi kwa mkono wa kushoto,
wa kulia ameuweka wazi mezani, ukauke,
na kwa kila mtoto akisema
samahani, samahani kwa kushoto.